Kiingereza cha London, na Kilwa je?

Mhariri,

Binti yangu wa darasa la tano hapa Mikindani karudi na daftari lenye picha za London: mto Thames, na Tower Bridge, daraja linalofunguka katikati kupisha meli tangu 1894. Akanisahihisha, eti Big Ben ni kengele, si mnara. Maneno aliyokuwa akiyakariri bila kuyasema, sasa yanamtoka akiosha vyombo: “river”, “bridge”, “bell”.

Mwalimu wake namshukuru. Ila Kilwa Kisiwani iko mkoa jirani tu, Lindi. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika huko 1331, akausifia uzuri wa mji ule. Mbona watoto wasiueleze kwa Kiingereza hichohicho? Magofu ya Husuni Kubwa, kasri la kale la huko, wataenda kuyagusa. Nauli ya London sote tunaijua.

Mzazi,
Mikindani, Mtwara