Pima kwanza kabla ya kupandisha kifurushi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wasomaji wanaofanyia kazi nyumbani, hasa wenye nyumba za ghorofa ambao ofisi iko juu na ruta imebaki sebuleni, nyuma ya televisheni. Wi-Fi ikisuasua, wengi hukimbilia kupandisha kifurushi, kutoka megabiti 20 hadi 50. Bili inaongezeka na kikao cha video bado kinakatika. Inatuuma kuona watu wakilipia kasi isiyowafikia mezani.

Pima kwanza. Chomeka kompyuta mpakato kwenye ruta kwa waya, zima Wi-Fi yake, waombe walio nyumbani waache video kwa dakika tano, kisha pima kasi mara tatu. Chomoa waya, pima kwa Wi-Fi ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta. Halafu panda juu, kaa pale pale unapofanyia kazi, pima tena. Ukipata 19 kwenye waya na 3 juu, mtoa huduma hana kosa. Ukipata 4 hata kwenye waya, badilisha waya ujaribu tena. Ikibaki hivyo, mpigie mtoa huduma ukiwa na namba zako mkononi.

Kilichopo kati ya sebule na meza yako ni zege. Ndani ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, mna wavu wa nondo: zege hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayapenyi vizuri. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila yamejaa ruta za majirani, na maikrowevu ikiwaka huyavuruga. Usiamini vile vijiti vya kwenye simu. Ziko programu za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, kipimo ambacho namba ikikaribia sifuri ndipo mawimbi yana nguvu zaidi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa kikao cha video, na ikifika -80 usitegemee kazi yoyote ya maana.

Yapo ya kufanya bila kutoa shilingi. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati karibu na ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi ndio mahali pekee ambapo slabu haipo. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si kwenye ncha yake; zote zikisimama wima, chumba kilicho juu yake moja kwa moja ndicho kinachopunjwa. Laza moja. Kwenye mipangilio ya ruta, masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli; chagua chaneli 1, 6 au 11, yoyote yenye majirani wachache, na upana uwe megahezi 20. Ukichagua 3 au 4 unagongana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 kwa pamoja.

Ripita, kifaa cha kupokea mawimbi ya Wi-Fi na kuyatuma mbele, hununuliwa sana na huwekwa vibaya. Ukiichomeka ofisini ambako mawimbi yameshakufa, itarudia ubovu ule ule. Mahali pake ni katikati, ngazini. Hata hapo, zile za bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu.

Dawa ya kweli ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi juu. Nunua wa aina ya Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Madukani kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba: kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, iache. Usiupitishe kwenye paipu moja na nyaya za umeme; ni hatari kwa maisha. Plagi zote mbili zifuate mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kama vifaa vyako ni vya megabiti 1000 na vinasoma 100, mara nyingi kuna unyuzi ambao haukugusa. Kata, bana upya.

Juu, mwisho wa waya huo, hata ruta ya zamani inafaa kutoa Wi-Fi. Ipe anwani yake, mfano 192.168.1.2 kama ya chini ni 192.168.1.1, mradi isiwe miongoni mwa zile ambazo ruta ya chini inagawa. Zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, kisha chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa LAN, si WAN. Ukisahau DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kila moja kivyake, na utaona simu imeunganishwa lakini haina intaneti. Jina la Wi-Fi na nenosiri yafanane na ya chini, chaneli iwe tofauti.

Kwa wanaojenga sasa: kabla zege halijamwagwa, mwambieni fundi umeme alaze paipu tupu ya milimita 25 kutoka sebuleni hadi kila chumba cha juu, na aache kamba ya kuvutia ndani yake. Gharama yake ni ndogo mno, na kutoboa slabu baadaye ni kuhatarisha nondo. Ramani nyingi huonyesha kila bomba na kila swichi, lakini paipu hiyo haimo. Tunawaomba wachoraji ramani waanze kuichora.

Mafundi wa mitandao ya nyumbani,
Dar es Salaam