Ubingwa wa Chapel Hill haukuletwa na mtu mmoja

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya juma lililopita kuhusu ubingwa wa mwaka 2025 wa lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani nimeisoma mara mbili. Nilifurahi kuiona, maana magazeti yetu ya Kiswahili huupita mchezo huu kama hayauoni. Lakini katika mistari yote ile mmetaja jina moja tu, la Chloe Humphrey, kana kwamba Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichoko Chapel Hill, kilimpeleka yeye peke yake uwanjani. Sisi tunaoishi Durham, mwendo mfupi kutoka hapo, tumeufuata msimu huu tangu Februari, na naona timu hii inadai heshima pana kuliko hiyo.

Chloe anastahili sifa zake zote. Majeraha yalimweka nje msimu wa 2024. Mwaka huu, akiwa bado anahesabiwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, amechaguliwa mchezaji bora wa mashindano, kisha akatwaa tuzo ya Tewaaraton, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa lakrosi ya vyuo vikuu, ambayo hakuna mwanamke wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuipata. Ila bao la lakrosi lina mama wawili. Mchezaji hukimbia akiubembeza mpira ndani ya wavu ulio kwenye ncha ya fimbo, usidondoke, mabeki wakiigonga fimbo yake pande zote. Anayesimama mbele ya goli bila mtu wa kumkaba amefunguliwa njia na mwenzake. Na mwenzake Chloe, mara nyingi, alikuwa dada yake mkubwa Ashley, aliyehamia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford na ambaye msimu huu ameweka rekodi ya taifa ya pasi za mabao. Dada wa kati, Nicole, naye yumo katika kikosi hichohicho. Watoto watatu wa nyumba moja wamevaa jezi moja kwenye fainali, na gazeti letu linamjua mmoja!

Kuna la pili. Tarehe 25 Mei, katika uwanja wa Gillette kule Foxborough, Massachusetts, walikutana kwenye fainali na Chuo Kikuu cha Northwestern, na Northwestern walikuja na Madison Taylor, aliyekuwa amevunja rekodi ya mabao ya msimu mmoja. North Carolina walishinda 12 kwa 8. Wengi walitazama zile 12. Mimi nazitazama zile nane. Kuizuia timu yenye mfungaji wa namna hiyo isivuke mabao manane kwa robo nne za dakika kumi na tano ni kazi ya kipa Betty Nelson na mabeki waliosimama mbele yake, wanawake ambao sioni dalili kwamba kuna mtu atawaandika. Siku mbili kabla, kwenye nusu fainali, safu hiyohiyo iliiachia timu ya Chuo Kikuu cha Florida mabao manne tu. North Carolina wakafunga 20. Msimu mzima wamecheza mara 22, wameshinda mara 22.

Na nyuma yao wote yupo kocha Jenny Levy. Timu hii ilianza mwaka 1996, na tangu siku ya kwanza haijawa na kocha mwingine. Ubingwa wa kwanza ulikuja 2013, yaani alifundisha miaka kumi na saba kabla ya kulishika kombe. Ukaja wa 2016, ukaja wa 2022, nao wa msimu usio na kushindwa, na huu sasa ni wa nne. Mwaka huo wa 2022 aliiongoza pia timu ya taifa ya Marekani kuchukua ubingwa wa dunia kule Towson, Maryland. Wasomaji wetu wa Kampala watakumbuka kwamba mashindano hayo ndiyo yaliyowapokea wanawake wa Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Habari ile ingetosha kujaza ukurasa.

Ninaandika kwa moyo kwa sababu binti yangu wa miaka kumi na mmoja ameanza kucheza. Anacheza beki. Baada ya fainali aliniuliza iwapo gazeti la nyumbani limeandika chochote, nikamsomea habari yenu. Akauliza, "Na kipa je?" Sikuwa na la kumjibu.

Naomba, Mhariri, mtoe picha ya kikosi kizima, na majina yote chini yake, kuanzia kipa. Nitaikata na kuibandika mlangoni mwake.

Wenu,
Mama Neema
Durham, North Carolina