VTS Imetupima Mwendo, Sasa Itupime na Mafuta: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini,
Dodoma.

YAH: KUPIMA UENDESHAJI UNAOCHAFUA HEWA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa basi, njia ya Dar es Salaam–Mbeya. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu madereva wenzangu, matajiri wetu wenye mabasi, na kila anayevuta hewa kando ya barabara kuu.

Tangu VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, ifungwe kwenye mabasi, mwendo umetulia. Hilo dereva mkweli habishi. Ukipita kilomita 80 kwa saa mnajua, ukiingia kijijini na kibao cha 50 ukakidharau mnajua. Lakini swali tunaloulizwa ni hilo hilo moja: umevuka kiwango au hukuvuka? Madereva wawili wanaweza kutoka Morogoro hadi Iringa, asivuke 80 hata mmoja, wakapishana dakika chache tu kufika, na bado mmoja akawa ameunguza mafuta mengi kuliko mwenzake. Huyo akitoka kwenye tuta anakanyaga mafuta mpaka chini, anakutana na tuta la pili, anabana breki, anaanza upya. Mwenzake ameliona tuta tangu mbali, ameachia mafuta na gari linapungua lenyewe kwa gia. Kwenye injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na hujakanyaga mafuta, nozeli hazipulizi dizeli kabisa. Kwa hiyo wale wanaoteremka mlima Kitonga wakiwa wamechomoa gia, wakiamini wanabana matumizi, wanajidanganya: injini iliyoachwa hivyo inaendelea kunywa ili isizime. Hatari ya kuishiwa breki pale mteremkoni sina haja ya kukueleza wewe.

Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Nikiwaambia watu stendi wanacheka, maana lita yenyewe haifiki kilo moja. Ila kaboni iliyo kwenye mafuta hujishika na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito huo ni oksijeni. Hapo sijagusa masizi, ule moshi mweusi unaowapiga usoni wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni basi likiondoka kwa pupa.

Ombi langu ni kwamba kifaa kilichokwishafungwa kitumike zaidi. Kinachojua mwendo wa gari kila wakati kinaweza kuonyesha pia mwendo huo umepandaje na umeshukaje: kwa upole au kwa kurukaruka. Kinaweza kuonyesha gari limesimama muda gani huku injini inaunguruma. Na kwa kuwa kitufe cha utambuzi kinamtaja aliye kwenye usukani, kumbukumbu itamfuata mtu badala ya kubaki na namba ya gari. Ikiongezwa hesabu ya lita kwa safari, mna kipimo kamili.

Ila mkipima vibaya mtatuonea. Dereva wa Dar–Tanga hana Kitonga. Mimi naanzia usawa wa bahari na kumalizia Mbeya, kama mita 1,700 juu. Kurudi ni habari nyingine kabisa. Basi lenye chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochoka au tairi zenye upepo pungufu litakula mafuta hata likiendeshwa na malaika, na hapo wa kuulizwa ni tajiri na gereji yake. Basi mlinganishe dereva na madereva wengine wa njia ile ile, uelekeo ule ule, aina ile ile ya gari. Na breki ya ghafla iliyomwokoa mtoto aliyekatiza barabara isihesabiwe kosa. Aangaliwe yule anayezibana safari nzima.

Jambo linalonigusa zaidi ni nani ataziona alama hizo. Mwaka 2008 Fiat walitoa programu ya eco:Drive: mwenye gari alichomeka flashi kwenye gari, akaipeleka kwenye kompyuta yake, akapewa alama hadi 100 kwa anavyoongeza mwendo, anavyopunguza, anavyobadili gia na kasi anayokwenda. Aliyepimwa ndiye aliyesoma kwanza. Kwetu taarifa zinapanda juu, zinarudi zikiwa simu ya ukali au faini. Dereva apate alama zake kwenye simu yake siku hiyo hiyo, na aonyeshwe kipande cha njia alikopoteza.

Nitasema na lisilopendwa. Wapo madereva ambao mafuta wanayobana hayarudi kwa tajiri, yanaishia kwenye madumu njiani. Hesabu ya lita itawabana, na watapiga kelele. Dawa yake ni matajiri kukubali kugawana na dereva kile kinachookolewa, kwa maandishi, na LATRA mkaliweka hilo kwenye mwongozo wenu.

Napendekeza mjaribu njia moja kwanza, bila faini, nyakati za masika na za kiangazi, kisha mtuite madereva kabla hamjaandika kanuni. Majaribio yaanzie na mabasi yanayounguruma stendi kabla ya safari, maana hapo hakuna mlima wala tuta la kusingizia.

Naomba kuwasilisha.

Dereva wa basi,
Dar es Salaam–Mbeya