Kaka, ulijua tangu alfajiri

Kaka, shikamoo.

Najua si adabu mdogo kumwandikia mkubwa wake mbele za watu. Nimekuandikia faragha, hukujibu. Nimekupigia, ukaniuliza hali ya Mama, ukauliza kama mvua imenyesha, kisha ukasema kuna mtu mlangoni. Na maneno yanayosemwa juu yangu hapa Tanga hayasemwi faragha. Yanasemwa barazani. Yalisemwa hata kwenye arusi ya binti wa Shangazi, nami nimebeba sinia la pilau mikononi. Basi na jibu lake litoke hadharani, walisome wale wale.

Neno lenyewe unalijua: eti Baba alipokuwa akiingizwa kaburini, binti yake alikuwa Misri anapiga picha kwenye piramidi, meno yote nje.

Nilikuwa napiga picha, kweli. Nilikuwa nacheka, kweli. Picha zenyewe zimo kwenye simu ya marehemu na kila aliyekuwepo msibani ameziona. Wasilolijua ni kwamba wewe ulikuwa umesimama ubavuni kwangu ukijua kuwa hatuna baba.

Nianze na safari, maana nayo inasemwa vibaya. Sikumwacha mgonjwa nikaenda kutalii. Tangu Baba alipopata kiharusi, aliyekuwa akimgeuza kitandani, kumwogesha na kumlisha uji kwa kijiko ni mimi, kwa sababu Mama magoti hayampi. Sikulaumu kwa kuwa mbali. Ulituma ulichokuwa nacho, na kuna mwezi ulituma mpaka kodi ya nyumba yako. Nilijua ingawa hukusema. Lakini pesa haimgeuzi mtu usiku. Daktari aliposema hali imetulia, na binamu yetu akakubali kuhamia nyumbani kumwangalia, Baba mwenyewe ndiye aliyenisukuma niende. Aliniambia, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito: "Nenda ukanitazamie kona."

Kona hiyo unaijua. Barua yako ya kwanza kutoka Cairo, ulipokuwa ungali mwanafunzi wa Al-Azhar unalala Madinat al-Bu'uth, mabweni ya wanafunzi wa kigeni, ilisema umeziona piramidi za Giza. Baba akakujibu kwa swali moja tu: mawe yake yanakutanaje kwenye kona? Hukumjibu, ukamwandikia habari za mitihani. Akarudia kwa simu miaka ya baadaye, ukacheka. Mtu aliyemaliza ujana wake akichoma chokaa na kusimamisha kuta za mawe ya matumbawe, hakutaka zawadi yoyote kutoka Misri ila hiyo.

Ndiyo maana nilipofika kwako Nasr City nilikwambia Giza isubiri, nipeleke Saqqara, kwenye piramidi ya Mfalme Djoser. Ulishangaa. Watu wote huanzia Giza, ulisema, kwa Khufu, piramidi iliyokuwa na kimo cha mita 146 ilipokuwa mpya. Nikakwambia hiyo ni kazi ya mafundi waliokwisha kujua, na mimi nataka kumpelekea Baba habari za walioanza. Kabla ya Djoser wafalme walizikwa chini ya majengo ya matofali ya udongo, mafupi na bapa. Yeye, kiasi cha miaka 2,650 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akajengewa la mawe. Likapanuliwa, kisha likapandishwa tena na tena mpaka likawa ngazi sita zenye kimo cha mita 60 na ushei. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema haya, tutakwenda. Ukamtafuta mwongozaji, ukalipa wewe, ukapanga tutoke mara tu baada ya Sala ya Alfajiri ili tuingie kabla ya mabasi ya watalii. Ulifurahi siku ile. Uso wako ule ninao mpaka leo, na sitaki kuusahau.

Simu ya Mama ilikufikia kabla ya adhana. Mimi nilikuwa macho chumba cha pili. Nilichosikia ni maji ya bafuni yakimwagika muda mrefu. Ukatoka na macho mekundu, ukasema ni baridi ya Januari. Ukatuswalisha kwa sura fupi fupi, wewe unayependa kurefusha. Kisha ukaniambia bando limekwisha, utanunua tukirudi. Mimi nilikuwa nategemea intaneti ya simu yako, nikasema haidhuru.

Tukaenda. Barabara ya mzunguko, mfereji, mitende imezama kwenye ukungu nusu shina, jua linachomoza upande wako wa gari, nami nakwambia tazama, nawe unatazama. Sikuwahi kuona asubuhi nzuri kama ile. Unaelewa ulichonifanyia hapo? Asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona ndiyo hiyo, na siwezi kuikumbuka bila kujiona aibu ambayo si yangu.

Geti lilifunguliwa saa mbili, sisi wa kwanza. Yule dada mwongozaji alizungumza Kiarabu, nawe ukatafsiri, kwa hiyo kila neno nililolisikia siku ile lilipita kinywani mwako. Ulinieleza ukuta: mita kumi na nusu kwenda juu, mzunguko wa zaidi ya mita 1,600, na milango 15 ambayo 14 imechongwa tu, haifunguki, wa kuingilia ni mmoja, upande wa kusini-mashariki. Tukaupita. Humo ndani njiani kuna nguzo 40 zilizochongwa mfano wa matete yaliyofungwa pamoja, na kila moja imeunganishwa na ukuta kwa kipande cha jiwe, kwani mafundi walikuwa bado hawajaiamini nguzo ya mawe isimame peke yake. Nikatazama juu pale pa kuingilia. Dari ya mawe imechongwa mviringo mviringo, magogo kabisa! Nilipiga kelele, "Kaka, boriti!" Hawakuwahi kuezeka kwa mawe, wakaiga miti waliyoizoea. Baba angekaa chini ya dari ile kutwa nzima.

Ukacheka pamoja nami. Ulicheka, Kaka.

Halafu tukafika kwenye piramidi. Ulinitafsiria kwamba tetemeko la mwaka 1992 liliitikisa, kwamba matengenezo yalichukua miaka 14 na watu wakaruhusiwa tena kuingia Machi 2020. Mimi sikuwa nasikiliza vizuri, nilikuwa natafuta kona. Na nikaipata! Mawe madogo kuliko nilivyodhani, mengine mtu angeweza kuyabeba, na hayakulazwa sawa kama tunavyolaza sisi. Yameinama kuelekea ndani, kila safu inaegemea kati, uzito wote unajisukumia moyoni mwa jengo. Hilo ndilo jibu lake. Fundi aliulizwa na mawazo yake miaka yote ile, na jibu nilikuwa nimelishika kwa kiganja. Nikapiga picha. Nikarekodi na sauti ya kumtumia: "Baba, yameinama ndani! Yote yameinama ndani!" Nikaweka kwenye namba yake, zikabaki na alama ya saa zikisubiri mtandao.

Na wewe, nyuma yangu, ukaninyooshea kidole ngazi ya juu, ukasema: "Piga na ile pale, Mzee ataifurahia."

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Nimejaribu kuliweka kwenye huruma, nimejaribu kuliweka kwenye kuchanganyikiwa. Ungenyamaza ningekuelewa, watu hunyamaza. Lakini ulizungumza. Ulimfufua kwa neno moja, nami nikapanda juu ya kifusi kidogo, nikainua simu, nikampigia picha mtu ambaye wakati huo huo binamu zetu walikuwa wanachemsha maji ya kumwosha.

Tulipoingia kwenye piramidi ya Mfalme Unas, pale pale Saqqara, yule dada alituonyesha maandishi yaliyojaa kutani, ya miaka 2,350 hivi kabla ya Nabii Isa, na nyota kwenye dari. Akasoma mahali. Wewe ukachelewa kutafsiri. Mwisho ukasema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya ufinyu wa hewa, kwamba wanamwambia mfalme hakuondoka amekufa, ameondoka akiwa hai. Yule dada akanishika mkono, akanipa chupa yake ya maji. Nilimwona mkarimu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ulimwambia tangu garini, kwa Kiarabu, mimi nimekaa katikati yenu. Mgeni wa watu alijua msiba wangu kabla yangu, na mikono yake ilinipa pole niliyoipokea bila kujua ni pole.

Kwenye mkahawa wa barabarani, mkate umewekwa mezani, nikamwomba kijana wa pale neno la siri la waifai yao. Ukaninyoosha mkono, ukasema, "Ngoja kwanza." Sikungoja. Picha zikaondoka. Na zilipokuwa zinaondoka, jumbe zikaanza kuingia, Inna lillahi, Inna lillahi, Inna lillahi, watu wote wa ukoo, na katikati yake: mazishi baada ya Adhuhuri. Ilikuwa saa sita huko. Nyumbani ni saa saba.

Ukasema, "Nilikuwa nitakwambia ukishakula."

Sasa na upande wa pili, ambao hukuuona wewe wala mimi, nimesimuliwa. Wanaume wamekwisha kwenda na jeneza. Wanawake wamejaa ndani, Mama kwenye mkeka, simu ya Baba mkononi mwa Shangazi. Ikaanza kulia, picha juu ya picha, mimi na miwani ya jua. Shangazi akabonyeza ile sauti asijue ni nini. Chumba kizima kikanisikia nafurahi. Mama aliinuka akatoka, na magoti yale.

Wao walijua nimeambiwa tangu alfajiri, maana Mama alikwambia wewe uniambie, nawe ulimjibu "nimekwisha mwambia, amelala analia". Hilo ndilo lililonifikisha kuandika hapa. La piramidi ningelibeba mwenyewe mpaka kaburini. Hili la kusema uliniambia, siwezi.

Uliniuliza usiku ule tukisubiri ndege: "Ungejua ungefanya nini? Ungefika?" Nisingefika, ndege ya mwanzo ilikuwa hiyo hiyo ya usiku. Lakini ningezungumza na Mama akiwa bado na mwili ndani ya nyumba. Ningeuliza nani anamwosha, ningemwomba binamu aweke simu karibu nimuage. Ningelia saa waliyolia wenzangu. Na wewe usingelia peke yako bafuni, Kaka, ningekushika. Hilo nalo ulininyima, na ulijinyima.

Nikupe nasaha moja, unisamehe udogo wangu. Vijana wa kwetu wanaokuja kusoma huko wanakuona wewe ndiye mzazi wao. Habari zao za msiba zitapitia kwako. Waambie pale pale, kabla ya chai, kabla ya darasa, kabla ya mtihani. Usimpimie mtu siku nzuri ya kumalizia, si yako kuipima. Utaniambia nami nimeficha. Ndiyo, ulipofukuzwa kazi kule shuleni nilimficha Baba mpaka ulipopata nyingine, wewe mwenyewe uliniomba huku unalia. Lakini yule alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hufichwa linaloweza kumzidishia. Kila niliyemuuliza amenipa haki kwa hilo, na Baba angejua angenishukuru. Mimi nilikuwa mzima, nimesimama kwa miguu yangu juani. Na wala usiniambie nilikuwa nimechoka na unyonge wa kuuguza, kwamba ulitaka nipumzike. Sikuwahi kulalamika. Waulize majirani kama waliwahi kunisikia nikilalamika.

Nakuota bado ulivyokuwa unanibeba mgongoni kwenda chuoni, maji yamejaa njiani, ili juzuu yangu isilowe. Aliyefanya yale na aliyesema "Mzee ataifurahia" ni mtu mmoja, na mimi nampenda huyo mtu mmoja, sina mwingine.

Hitma ya mwaka ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Chumba chako kimepakwa chokaa, kitanda ni kile kile. Usilete kanzu wala tende, kuna kila kitu. Mama atakuwa ukumbini, na Shangazi atakuwa pembeni yake kama kawaida. Wasalimie, halafu kabla hujakaa mwambie Mama, Shangazi akisikia, saa uliyopigiwa simu na saa niliyojua mimi. Zile picha bado zimo kwenye simu ya Baba. Mama hataki kuziona wala hataki zifutwe. Ukishasema, nitamwomba niketi naye tuzifungue, nimwonyeshe ile ya kona.