Mei Mosi ilianzia Chicago

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Mei Mosi ilisema mambo mawili: kwamba sikukuu hii ilianzia Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, na kwamba Wamarekani hawaiadhimishi kwa sababu wafanyakazi wao wameshashiba. Yote mawili si kweli. Hilo la pili linaumiza zaidi, maana linawafuta watu walionyongwa katika harakati za kudai saa nane za kazi, saa ambazo leo tunaziona jambo la kawaida.

Oktoba 1884, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Marekani na Kanada lilikutana Chicago na kupitisha azimio kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku halali ya kazi iwe saa nane. Kwa nini waliamua kugoma badala ya kuwaomba wabunge watunge sheria? Kwa sababu sheria ilikuwapo tayari. Jimbo la Illinois lilikuwa limepitisha sheria ya saa nane mwaka 1867, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Ila ilibeba maneno machache ya hatari: siku ya kazi ni saa nane pale ambapo hakuna mkataba unaosema vinginevyo. Waajiri wakaandika mikataba ya saa kumi, na asiyetaka kusaini akaambiwa aende zake. Naomba wasomaji waukumbuke mwanya huo. Historia ya kazi nchini Marekani imejaa sheria nzuri zenye kifungu kimoja kinachozitoboa, na bila kuvisoma vifungu hivyo huwezi kuelewa kwa nini nchi tajiri kiasi kile ina wafanyakazi wanyonge kiasi kile.

Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi zaidi ya 300,000 waligoma kote nchini. Tarehe 3, polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick cha mashine za kuvunia na kuua. Kesho yake usiku ukaitishwa mkutano karibu na uwanja wa Haymarket, wasemaji wakisimama juu ya gari la kukokotwa na farasi. Meya Carter Harrison alihudhuria, akaona hakuna fujo, akamwambia mkuu wa polisi hivyo na kurudi nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza na watu wengi wameshaondoka pale polisi zaidi ya 170 walipokuja kuwatawanya waliobaki. Mtu akarusha bomu. Polisi wakafyatua risasi gizani ovyo, wakawajeruhi hata wenzao. Walikufa polisi saba na raia wasiopungua wanne. Aliyerusha bomu lile hajajulikana mpaka leo.

Walishtakiwa wanaume wanane, wakati waliokuwa pale uwanjani bomu likilipuka ni wawili tu, August Spies na Samuel Fielden. Kesi ilianza tarehe 21 Juni mbele ya Jaji Joseph Gary. Kwa kawaida majina ya watakaoketi kwenye juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, hutolewa kwa bahati nasibu. Safari hii ofisa maalumu wa mahakama alipewa kazi ya kuwatafuta mwenyewe. Waliulizwa maswali watu 981. Wengi walikiri kwamba tayari wanaamini washtakiwa wana hatia, lakini jaji aliwabana mpaka mtu aseme kwamba hata hivyo anaweza kutenda haki, kisha akamhesabu kuwa anafaa. Utetezi ulikuwa na nafasi 160 za kumkataa mtu bila kutoa sababu. Zilipokwisha, ukalazimika kupokea waliobaki. Mwishoni jaji aliielekeza juri kwamba si lazima ijulikane nani alirusha bomu, inatosha kama washtakiwa waliwachochea watu kuua kwa maneno au maandishi. Saba walihukumiwa kifo na mmoja miaka 15. Wawili wakapunguziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, Louis Lingg akafia selo, na tarehe 11 Novemba 1887 wakanyongwa Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel. Mwaka 1893 Gavana John Peter Altgeld aliwaachia huru watatu waliokuwa gerezani, akaandika wazi kwamba juri ilipangwa, ushahidi haukuwapo na jaji alikuwa na upendeleo. Uamuzi huo ulimponza kisiasa.

Tarehe yenyewe ilifika Ulaya kutoka huko. Desemba 1888 shirikisho jipya la vyama vya Marekani, AFL, liliazimia kudai tena saa nane ifikapo tarehe 1 Mei 1890. Julai 1889, mkutano wa vyama vya kisoshalisti mjini Paris ukaamua wafanyakazi wa nchi zote waandamane siku hiyohiyo. Lenin, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya 1917, wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19.

Serikali ya Marekani ilijua uzito wa tarehe hiyo. Tarehe 28 Juni 1894 Rais Grover Cleveland alisaini sheria ya kuifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu ya wafanyakazi, siku mbili tu baada ya wafanyakazi wa reli kuanza kususia treni zenye mabehewa ya kampuni ya Pullman ili kuwaunga mkono wagomaji wa kampuni hiyo. Siku chache baadaye alipeleka jeshi kuuvunja mgomo huo, na kiongozi wao, Eugene Debs, akaishia jela miezi sita kwa kukaidi zuio la mahakama. Mwaka 1958 Bunge likaipa tarehe 1 Mei jina la Siku ya Uaminifu kwa taifa. Wahamiaji ndio walioirudisha barabarani: tarehe 1 Mei 2006 mamia ya maelfu waliandamana Chicago, Los Angeles na miji mingine.

Sisi wa mrengo wa kushoto nasi tusijipake mafuta. Chama kile cha wafanyakazi wa reli cha Debs kilipiga kura mwaka 1894 kuwakatalia Weusi uanachama, ingawa yeye mwenyewe alipinga, na huku wahudumu Weusi ndio waliokuwa wakitandika vitanda ndani ya mabehewa hayo ya Pullman. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mkataba na kampuni wakaupata mwaka 1937. Miaka 12 ya kusubiri, na sehemu ya deni hilo ni ya vyama vyenyewe.

Sasa nirudi kwenye vifungu, maana hapo ndipo wasomaji wenu wenye ndugu Marekani wanapoguswa. Sheria ya 1935 iliyotoa haki ya kuunda chama na kudai mkataba wa hali bora iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Ile ya 1938, iliyoleta kima cha chini cha mshahara na wiki ya saa 40, nayo ikawaruka walewale. Katika majimbo ya Kusini hizo ndizo zilizokuwa kazi za Weusi walio wengi, na kura za wabunge wa Kusini zilihitajika ili miswada ipite. Kisha mwaka 1947, Bunge likiipiku kura ya turufu ya Rais Truman, sheria ya Taft-Hartley ikaziba mianya iliyowafaa wafanyakazi. Ilikataza kususia kampuni nyingine ili kuwaunga mkono wagomaji, mbinu ileile ya 1894. Iliwatoa kwenye ulinzi wa sheria ya 1935 wasimamizi na wakandarasi binafsi, yaani wanaohesabiwa kuwa wamejiajiri, na ndiyo maana leo dereva wa teksi za programu za simu anaambiwa hahusiki. Tena iliyaruhusu majimbo kupiga marufuku mikataba inayomtaka kila mfanyakazi achangie chama. Katika majimbo hayo chama bado kinalazimika kisheria kumtetea hata asiyelipa senti. Mfuko hukauka taratibu, halafu watu husema chama hakina kazi.

Utaratibu wa kuunda chama ni huu. Asilimia 30 ya wafanyakazi wa kitengo wakisaini kadi, wanaweza kuiomba Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi isimamie kura ya siri. Waandaaji wenye uzoefu hawapeleki ombi wakiwa na 30. Husubiri wafike 60 au 70, kwa kuwa kampeni ya mwajiri ikianza saini hupukutika. Kwa zaidi ya miaka 70, mpaka uamuzi wa Bodi wa Novemba 2024, mwajiri aliruhusiwa kuwaita wote katika mikutano ya lazima, saa za kazi, akiwasema vibaya viongozi wa chama. Akimfukuza mtu kwa sababu ya chama, kesi huchukua muda mrefu, na mwisho wake ni kumrudisha kazini na kumlipa mshahara uliopotea, ukitolewa alichopata kwingine. Faini hakuna. Kwa kampuni kubwa hiyo ni gharama ndogo ya kuwatia hofu wengine mia. Hata kura ikishinda, sheria inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema, haimlazimishi kukubali chochote, na mwaka mmoja ukipita wapinzani wanaweza kuomba chama kiondolewe. Katika ghala la Amazon la Staten Island chama kilishinda Aprili 2022 kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131. Miaka miwili baadaye mkataba ulikuwa bado haujapatikana. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa wanachama, na mwaka 2024 walikuwa chini kidogo ya asilimia 10. Hao si watu walioshiba.

Wakongomani walio kwenye viwanda vya nyama wanalindwa na sheria ya 1935. Mkenya au Mtanzania anayelea wazee akiwa ameajiriwa na wakala analindwa pia. Akiajiriwa moja kwa moja na familia nyumbani kwao, sheria hiyo haimfikii, na inabidi aangalie sheria za jimbo lake. Ulinzi hauhitaji chama: wafanyakazi wawili wakizungumza kuhusu mishahara yao wakitaka iboreshwe, kuwafukuza kwa hilo ni kosa. Malalamiko yafikishwe kwenye Bodi ndani ya miezi sita, baada ya hapo hayapokelewi. Asiye na karatasi anaweza kulalamika vilevile, ila tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 2002 hawezi kulipwa mshahara uliopotea, kwa hiyo ni vyema awe na mwanasheria kabla ya kupeleka shauri lake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam