Majibu ya vinasaba yakitoka "chanya", bado hujaambiwa una siliaki

Wiki iliyopita dada mmoja alirudi kwenye kaunta ya maabara yetu na karatasi ya majibu mkononi, amekasirika kweli. Tulimpima vinasaba vya siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo), na kimoja kiitwacho HLA-DQ2 kikaonekana. Daktari wake akampima kingamwili (protini za kinga zinazoonekana kwenye damu) na kinyama cha utumbo, huku bado anakula ngano kama kawaida, akamwambia hana ugonjwa. "Sasa mlinilipisha nini?" Si wa kwanza kuuliza, na neno "mmeniibia" linatuuma.

HLA-DQ2 na HLA-DQ8 ni vinasaba vya kinga ya mwili, vipo kwenye kromosomu ya 6. Karibu kila mgonjwa wa siliaki ana kimojawapo. Lakini kwa watu wa asili ya Ulaya, ambao ndio wamechunguzwa zaidi, wanaovibeba ni kama asilimia 30 hadi 40, na wanaougua ni takriban 1 katika kila 100 ya watu wote. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima.

Faida ya kipimo hiki inaonekana majibu yakitoka hasi, maana hapo siliaki inakaribia kufutwa kabisa. Mama mmoja mgonjwa alituletea watoto wake watatu, wawili wakatoka hasi. Hao wawili hawana haja ya kuchomwa sindano ya kupima kingamwili tena na tena. Tunamfuatilia mmoja tu. Vinasaba havibadiliki, unapima mara moja maishani. Ndiyo maana bei yake hatuilinganishi na ya kipimo cha malaria.

Kinachotuumiza roho zaidi ni njia ya mkato. Kijana mmoja, dada yake aligundulika na siliaki, naye tumbo likawa linamsumbua. Akajitibu: miezi mitano hagusi ngano. Ndipo akaja kupima kingamwili. Tulimuuliza anakula nini, kama tunavyomuuliza kila mtu kabla ya kufunga mkono, akasema anakula kila kitu. Majibu yakatoka safi, akarudia chapati zake kwa amani. Mwaka uliofuata damu ilikuwa imepungua, madini ya chuma yako chini. Tukapima upya, kingamwili ziko juu, na kamera ya tumbo ikathibitisha. Alilipa mara mbili, na utumbo ulikuwa umeumia mwaka mzima. Bila gluteni mwilini kingamwili hushuka, na kipimo hakioni kitu. Kipimo cha vinasaba peke yake ndicho kisichojali ulichokula.

Wengine wanalalamika kwamba tunawaongezea "IgA ya jumla" kwenye bili. IgA ni aina ya kingamwili, na ndiyo tunayoitafuta kwenye kipimo cha siliaki. Kuna watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha. Ukiwapima kingamwili za IgA peke yake, mgonjwa ataonekana mzima. Hatutoi majibu ya namna hiyo hata ukiomba punguzo.

Kuhusu wale ambao ngano inawajaza gesi lakini siliaki hawana: hakuna kinasaba wala kipimo cha damu cha kuthibitisha hali hiyo. Tumewarudisha wateja kwa daktari bila kuchukua hata shilingi.

Kama mzazi, ndugu au mtoto wako ana siliaki, njoo ukiwa bado unakula mkate na maandazi yako. Uje na karatasi ya daktari, na utuambie ukweli wa sahani yako.