Barua ya wazi kwa vijana wa steshenari: pangeni ukurasa kwanza

Wanangu mnaochapa kazi za watu,

Jumamosi iliyopita nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja jirani na chuo. Nikamkuta binti ameinamia meza, analia. Tasnifu yake ya kurasa 84 ilikuwa ikajalidiwe Jumatatu asubuhi. Msimamizi alimwagiza aongeze aya moja tu kwenye sura ya pili, na aya hiyo ikasukuma kila kitu. Sura ya tatu ikaanzia katikati ya ukurasa, jedwali likakatika, na orodha ya yaliyomo, iliyochapwa kwa mkono nukta kwa nukta, ikawa inataja kurasa za uongo. Kijana aliyemchapia akasema kompyuta ina virusi.

Virusi havikuwepo. Kulikuwa na enta. Nilihesabu 19 mfululizo, zimepigwa ili sura mpya iangukie ukurasa mpya. Enta, wanangu! Mtoto wa watu amelipia kazi hiyo.

Mimi nilisomea uhazili Tabora, enzi za mashine ya taipu. Kabla ya kugusa herufi ya kwanza ulipima karatasi, ukafunga pambizo ya kushoto na ya kulia, ukapanga vituo vya tabo. Mwalimu alikagua mashine ambayo bado haijachapa neno. Kompyuta imewaruhusu kuanza kuandika bila kupanga, nanyi mkadhani kupanga kumefutwa. Kumehamia kwenye mitindo, yaani mipangilio iliyopewa jina ya aya, vichwa na kurasa, na kwenye violezo, yaani nyaraka tupu zilizokwisha kupangwa.

Mtindo wa ukurasa ndio unaowaliza wengi, kwa hiyo nisikilizeni hapa. Katika LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, bonyeza F11. Mitindo itafunguka pembeni, uende kwenye ile ya kurasa. Tengeneza mitatu: wa kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi, wa sura zenye 1, 2, 3, na wa ukurasa uliolazwa kwa majedwali mapana. Kila mmoja upe pambizo zake, na upande wa kushoto uache nafasi ya jalada kama chuo kinavyoagiza. Ukifika Sura ya Kwanza, ingiza kikomo cha ukurasa, yaani alama ya kuanzisha ukurasa mpya, kupitia menyu. Hapo hapo utachagua mtindo unaofuata na kuagiza namba zianze upya na 1. Microsoft Word haina mitindo ya kurasa. Waraka hugawanywa kwa seksheni, yaani sehemu ambazo kila moja ina mpangilio wake wa ukurasa. Kumbukeni kukata kiungo kati ya kijachini (eneo la chini ya ukurasa linalokaa namba) cha seksheni moja na cha iliyotangulia, la sivyo ukirekebisha kimoja na kingine kinageuka.

Mengine nayataja tu. Kichwa cha sura kipewe mtindo wa kichwa, si herufi nene. Yaliyomo hukusanywa kwa kufuata mtindo. Karatasi iwe A4, milimita 210 kwa 297, si Leta ya Wamarekani. Nafasi kati ya aya iwekwe ndani ya mtindo wa aya. Kazi ikikaa sawa, futa maneno, hifadhi kiolezo: .ott kwa Writer, .dotx kwa Word.

Lawama si zenu peke yenu. Nimeona vyeti vya kompyuta vikitolewa kwa watu ambao hawajawahi kufungua orodha ya mitindo. Nimeshika miongozo ya tasnifu inayoeleza pambizo na fonti kwa kurasa kadhaa, bila kiolezo hata kimoja cha kumpa mwanafunzi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tulipewa kitu cha kufundishia kwa lugha yetu, na bado watoto wanakariri mahali pa kubofya bila kuelewa wanachobofya. Inaniuma.

Yule binti nilikaa naye hadi saa nne usiku. Tuliondoa enta zote, tukavipa vichwa mitindo, tukaagiza yaliyomo, yakajipanga yenyewe hadi namba ya mwisho. Akacheka huku macho bado mekundu. Kijana wa steshenari alivuta kiti akatazama kimya, kisha akaniomba nirudie pale pa namba za Kirumi. Nikarudia mara tatu. Kiolezo nimemwachia kwenye kompyuta yake, na ameahidi kumpa bure kila atakayekuja na flashi.

Mama yenu,
mhazili mstaafu